Sukari mbili na kopo la mkojo: jinsi ya kupima ukuta wa utumbo wa mtoto

Mtoto ananyonya, anakula uji, haharishi, lakini mstari kwenye kadi ya kliniki umelala. Mwezi huu umelala, mwezi ujao umelala. Mtaani watu wana jibu tayari: mama kambemenda mtoto, yaani kamdhoofisha kwa kulala na mwanamume angali akinyonyesha. Nimesikia neno hilo likisemwa mbele ya akina mama wengi, na sijaona hata mmoja aliyelisikia akabaki na amani. Kipimo ninachokieleza hapa kinatafuta jibu kwingine, ndani ya utumbo mwembamba wa mtoto mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, mafundi wa maabara na vijana wanaoajiriwa kwenye tafiti za lishe vijijini. Mzazi anaweza kuusoma akaelewa mwanawe anafanyiwa nini, ila si kipimo cha kujifanyia nyumbani.

Kwanza elewa unachokipima

Upande wa utumbo unaokutana na chakula umefunikwa na safu moja tu ya seli. Moja. Juu yake kuna vijidole vidogo vidogo vinavyoongeza eneo la kufyonza, na seli hizo hubadilishwa na mpya kila baada ya siku chache. Kati ya seli na jirani yake kuna maungio yanayobanwa na protini kama klaudini na okludini. Ukuta huo mwembamba una kazi mbili zinazovutana: upitishe virutubisho, lakini uzuie vijidudu na sumu zake visiingie kwenye damu.

Sasa fikiria mtoto anayetambaa kwenye uwanja wanakolala kuku na mbuzi, anayepeleka kila kitu mdomoni, anayekunywa maji ya kisima kisichofunikwa. Vijidudu vinaingia kila siku, kidogo kidogo, bila kumharisha. Baada ya miezi kadhaa vile vijidole hufupika na maungio hulegea. Kinga ya mwili inabaki macho usiku na mchana, na sehemu ya chakula alicholishwa kwa taabu inaishia kwenye vita hiyo badala ya mifupa. Hakuna dalili ya nje isipokuwa urefu usioongezeka.

Kipimo cha sukari mbili kilianza kujengwa London miaka ya 1970, na Ian Menzies ni mmoja wa waliokiasisi. Mwaka 1991 Peter Lunn na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wachanga wa Gambia: hadi asilimia 43 ya upungufu wa ukuaji walioushuhudia iliweza kuelezwa na majeraha ya utumbo mwembamba yaliyoonekana kupitia kipimo hiki. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, lakini tangu hapo kipimo hakijaachwa. Kwetu Tanzania kilitumika Haydom, Manyara, katika utafiti wa MAL-ED uliofuatilia watoto katika nchi nane.

Wazo lenyewe ni jepesi. Unampa mtoto sukari mbili ambazo mwili hauzitumii. Manitoli ina molekuli ndogo, uzito wake ni 182. Inapita kwa wingi kupitia vijidole vyenye afya. Laktulosi ina molekuli kubwa, 342, na katika utumbo wenye afya chini ya asilimia 1 ndiyo hupita. Zote mbili zikishaingia kwenye damu hutolewa na figo zikiwa kama zilivyoingia. Kwa hiyo unapima mkojo. Vijidole vikifupika, manitoli inapungua. Maungio yakilegea, laktulosi inaongezeka. Unagawanya laktulosi kwa manitoli unapata uwiano, unaoandikwa L:M.

Kwa nini sukari mbili, si moja? Kwa sababu tumbo la mtoto mmoja humwaga chakula upesi na la mwingine polepole, figo hazilingani, na mkojo mwingine utamwagika tu. Matatizo hayo yanazigusa sukari zote mbili karibu sawasawa, hivyo ukigawanya moja kwa nyingine yanafutana.

Hatua ya 1: Kibali, na maneno kwa familia

Utafiti wowote kwa watoto unahitaji kibali cha maadili (kwa Tanzania ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na ridhaa iliyoandikwa ya mzazi. Hilo linajulikana. Lisilosisitizwa vya kutosha ni mazungumzo ya nyumbani. Mara nyingi mwenye kauli ya mwisho ni bibi, si mama. Mwamkie kwanza, kaa chini, kisha eleza bila haraka: «Bibi, leo hatutoi damu. Tutampa mjukuu wako maji yenye sukari mbili, halafu tutakusanya mkojo wake mpaka mchana.» Mahali ambapo hofu ya mumiani bado ipo, kutochukua damu kunafungua milango mingi. Lakini usitumie nafuu hiyo kuficha usumbufu. Sema wazi kwamba mtoto atakaa na mfuko uliobandikwa kwa muda wa saa 5, kwamba tumbo linaweza kujaa gesi, na kwamba anaweza kupata choo laini siku hiyo, maana laktulosi ndiyo ileile dawa ya watu wenye choo kigumu.

Hatua ya 2: Nani asipimwe leo

Mwenye homa au anayeharisha aahirishwe mpaka apone, kwa sababu utapima ugonjwa wa wiki hii ukadhani unapima utumbo wake wa siku zote. Uliza dawa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hulegeza ukuta wa utumbo zenyewe, na anayepewa laktulosi kama dawa hafai kabisa. Mtoto mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi unaoufanya mwili ushindwe kutumia sukari iitwayo galaktosi, asipewe laktulosi, kwani dawa hiyo ya maji huwa na galaktosi ndani yake.

Uliza pia kama ameongezewa damu karibuni. Swali hili husahaulika. Damu nyingi za akiba huhifadhiwa kwenye maji yenye manitoli, na manitoli hiyo itatoka kwenye mkojo ikaharibu hesabu yako yote.

Kuhusu chakula cha jana: uyoga una manitoli, na pipi au bablishi zisizo na sukari mara nyingi huwa nayo. Waombe waviache tangu siku iliyotangulia. Maabara zenye uwezo hutumia manitoli iliyowekewa kaboni-13, aina nzito ya kaboni, ili kuitofautisha na ya chakula, ila bei yake ni kubwa na mashine inayoisoma si ya kila mahali.

Hatua ya 3: Kuchanganya dawa

Mchanganyiko walioutumia MAL-ED ni miligramu 250 za laktulosi na miligramu 50 za manitoli kwa kila mililita. Mtoto hupewa mililita 2 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mililita 20.

Laktulosi ya dukani huwa ya maji mazito, kwa kawaida miligramu 667 kwa mililita. Soma chupa yako kwanza, usichukue namba yangu kama amri. Kwa mchanganyiko wa mililita 100 unahitaji gramu 25 za laktulosi, yaani mililita 37.5 za dawa hiyo, na gramu 5 za unga wa manitoli wa daraja la dawa. Weka vyote kwenye chombo chenye alama, ongeza maji safi yaliyochemshwa yakapoa, koroga mpaka unga upotee, kisha fikisha maji kwenye mstari wa 100. Tafadhali zingatia hapo: unafikisha mpaka 100, huongezi mililita 100. Kosa hilo hupunguza nguvu ya dawa kwa zaidi ya robo, na hakuna atakayeligundua mpaka matokeo yatoke.

Changanya asubuhi ya siku ya kipimo. Toa mililita chache za mchanganyiko, ziandike tarehe, zigandishe. Maabara ikizipima baadaye, utajua ulichowapa watoto kilikuwa kile ulichokusudia.

Hatua ya 4: Asubuhi yenyewe

Fika mapema. Mtoto awe hajala wala kunyonya kwa muda uliowekwa na utafiti wenu, kwa mfano saa 2, na muda huo uwe uleule kwa watoto wote. Mpime uzito siku hiyohiyo, akiwa hana nguo nzito. Usitumie uzito wa kadi ya mwezi uliopita.

Osha sehemu za siri kwa maji, kausha vizuri. Bila mafuta, bila poda, la sivyo mfuko hautashika. Bandika mfuko wa kwanza, usubiri mkojo wa kabla ya dawa. Najua inachosha. Mtoto anaweza kukaa nusu saa nzima bila kukojoa huku mama akitaka kwenda shambani. Lakini mkojo huo wa awali ndio unaoonyesha kama tayari kuna manitoli iliyotoka kwenye chakula, na bila huo hutakuwa na njia ya kuiondoa kwenye hesabu.

Ukishaupata, mpe dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo kwenye shavu la ndani. Andika saa kamili aliyomaliza. Akitapika sehemu kubwa, siku imeisha: mshukuru mama, panga siku nyingine. Usimwongezee dawa kwa kukisia.

Baada ya nusu saa anaweza kunyonya, na anayekunywa maji apewe maji, ili mkojo upatikane. Chakula kingine fuata ratiba ya utafiti wenu.

Hatua ya 5: Mkojo, na tone moja

Hapa ndipo vipimo vingi hufia, kwa hiyo naomba usome polepole.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtoto wa kilo 8 anapata mililita 16 za dawa: miligramu 4,000 za laktulosi na miligramu 800 za manitoli. Baada ya saa 5 umekusanya mililita 120 za mkojo. Maabara inakuambia laktulosi ni miligramu 100 kwa lita na manitoli 400 kwa lita. Maana yake kwenye mkojo wote mna miligramu 12 za laktulosi, sawa na asilimia 0.3 ya ulizompa, na miligramu 48 za manitoli, sawa na asilimia 6. Gawanya 0.3 kwa 6, unapata 0.05.

Sasa, tone moja la dawa ni kama mililita 0.05. Ndani yake mna miligramu 12.5 za laktulosi. Tone hilo moja lina laktulosi zaidi ya mkojo wote wa saa 5! Likidondoka kwenye mfuko, au likikauka kwenye kidole chako halafu ukashika mdomo wa kopo, laktulosi inakuwa miligramu 24.5 na manitoli 50.5, na uwiano unaruka kutoka 0.05 hadi karibu 0.1. Umemgeuza mtoto mzima kuwa mgonjwa kwa tone.

Kwa hiyo aliyechanganya na kumnywesha dawa asiguse mkojo. Kama uko peke yako, nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko na ubadilishe glavu. Mfute mtoto mdomo, kidevu, shingo na mikono, maana mikono yake ndiyo itakayoshika mfuko. Kanga iliyodondokewa na dawa iwekwe mbali. Niliwahi kufanya kazi na timu iliyopata uwiano wa juu wa kutisha kijiji kizima, na tulipofuatilia tukakuta makopo ya mkojo yalikuwa yakibebwa kwenye kapu moja na chupa ya dawa iliyokuwa ikivuja. Kazi ya wiki tatu ikatupwa, na akina mama wale hatukuweza kuwaomba tena.

Mengine ya hatua hii:

- Kagua mfuko kila baada ya dakika 10 hadi 15. Kila mara mtoto akikojoa, mimina kwenye chombo kikuu kilicho ndani ya kisanduku cha barafu na ubandike mfuko mpya. Kwa wasichana mfuko huvuja zaidi, kaa karibu.
- Bakteria hula sukari hizi. Weka kwenye chombo dawa ya kuwazuia, kama klorheksidini au thimerosali, kwa kiasi ambacho maabara yako imekipanga. Thimerosali ina zebaki, isikae mahali ambapo mtoto mwingine wa nyumba ile ataifikia.
- Mkojo ukichanganyika na kinyesi, sehemu hiyo itupwe na iandikwe. Sehemu kubwa ya laktulosi haifyonzwi, na kinyesi kinaweza kuibeba.
- Ukimwagika, andika «umemwagika» na saa yake. Uwiano bado unaweza kutumika, kwa sababu sukari zote zimepotea kwa kiasi sawa, lakini asilimia za kila sukari peke yake haziaminiki tena. Anayeficha kumwagika anamdhulumu mtu atakayechambua data.

Mtoto aliyenyweshwa saa 2 asubuhi anamalizia saa 7 mchana. Subiri mkojo wa mwisho ukaribiane na saa hiyo, kisha pima ujazo wote, tikisa taratibu, gawanya kwenye vichupa vitatu au vinne vidogo, bandika namba, gandisha siku hiyohiyo. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ndiyo bora. Ukiwa mbali nayo, barafu kavu au naitrojeni ya maji mpaka mjini. Usiyeyushe na kugandisha tena.

Hatua ya 6: Maabara

Siku hizi sukari hupimwa kwa kromatografia ya maji yenye shinikizo kubwa, njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, mara nyingi ikiunganishwa na mashine ya kupima uzito wa molekuli. Njia za zamani za vimeng'enya hazisomi namba zilezile, kwa hiyo sampuli za utafiti mmoja zipimwe kwa njia moja, ikiwezekana mashine moja.

Ukipokea matokeo, uliza swali moja kabla ya yote: uwiano huu ni wa asilimia au wa miligramu? Katika mfano wetu, asilimia zinatoa 0.05. Miligramu, 12 kwa 48, zinatoa 0.25. Mtoto yuleyule, mkojo uleule, namba imekuzwa mara tano kwa sababu dawa ilikuwa na laktulosi mara tano ya manitoli. Nimeona watu wakilinganisha kijiji chao na utafiti wa nchi nyingine na kutishika, kumbe mmoja aliandika kwa njia hii na mwingine kwa ile.

Usiishie kwenye uwiano. Angalia sukari moja moja. Uwiano wa juu kwa sababu manitoli imeshuka unasimulia vijidole vilivyofupika. Uwiano wa juu kwa sababu laktulosi imepanda unasimulia maungio yaliyolegea. Watoto wawili wanaweza kuwa na namba moja na utumbo tofauti kabisa.

Kumbuka pia kwamba kipimo hiki kinaona utumbo mwembamba. Laktulosi ikifika kwenye utumbo mpana bakteria huila, ndiyo maana kukusanya mkojo saa 24 hakukuongezei kitu kwa sukari hii. Wanaotaka kuona utumbo mpana hutumia sukralosi, ambayo bakteria hawaiwezi kwa urahisi.

Kuhusu vipimo vya «utumbo unaovuja» vinavyouzwa

Utaulizwa kuhusu zonulini. Ni protini iliyotangazwa mwaka 2000 na timu ya Alessio Fasano, inayolegeza maungio ya seli, na mwaka 2009 walionyesha kwamba ni aina changa ya haptoglobini 2, protini ya damu. Tatizo liko kwenye vifaa vya kuipima. Watafiti walipovichunguza vile vinavyouzwa sana, waligundua vinanasa protini nyingine, si zonulini yenyewe. Kwa hiyo mtu anayekuuzia kipimo cha damu cha zonulini pamoja na vidonge vya kusafisha tumbo, mwache aende zake. Fedha hiyo ni mayai ya mtoto.

Vipimo vinavyofaa kuambatana na sukari mbili ni vya kinyesi: alfa-1-antitripsini, ambayo ni protini ya damu inayoonekana kwenye kinyesi ikiwa ukuta unavujisha kuelekea ndani ya utumbo, pamoja na mayeloperoksidesi na neopterini, zinazoonyesha uvimbe. MAL-ED walizitumia zote tatu.

Hatua ya 7: Kurudi kwa mama

Hakuna namba moja inayokubaliwa duniani kote kwamba ukiivuka utumbo ni mbovu. Namba ya mtoto mmoja hubadilika hata kati ya wiki mbili. Kipimo hiki kinafaa kulinganisha vikundi: kijiji na kijiji, kabla na baada ya mradi. Kumtangazia mama mmoja kwamba utumbo wa mwanawe umetoboka ni uongo, na ni ukatili.

Pia hatuna dawa ya kumpa kwa namba hiyo. Majaribio makubwa ya maji, vyoo na kunawa mikono huko Kakamega, Bungoma na Vihiga nchini Kenya, na mengine Zimbabwe, hayakuongeza urefu wa watoto. Lishe ya nyongeza iliongeza kidogo. Huko Haydom walijaribu kutoa antibayotiki na dawa za vijidudu vya utumbo kwa ratiba, urefu haukubadilika. Inaelekea uchafu unaowafikia watoto ni mwingi kuliko choo kimoja na chupa ya klorini vinavyoweza kuuzuia.

Unachoweza kumwambia mama ni kweli na kina uzito: kwamba mtoto anaweza kulishwa vizuri asiongezeke, kwa sababu utumbo unachoshwa na vijidudu vya uwanjani na vya kwenye maji, na kwamba hilo halitokani na yeye kulala au kutolala na mumewe. Liseme bibi akiwepo, na majirani wakiwepo ikiwa mama ameridhia. Kisha toa ubao wa kupimia urefu, mpime mtoto, uandike kwenye kadi yake. Kama yuko chini ya mstari, mwandikie rufaa ya kwenda kliniki leo, usisubiri majibu ya maabara.